Ng'ombe Saba wa Mahari ya Yaya Naomi

Nilipokuwa mtoto, kwetu pembeni mwa mji wa Baraka, kando ya ziwa, palikuwa na mtu mmoja aliyejua kila kitu, na kwa bahati mbaya alikuwa baba yangu mkubwa. Jina lake Zakayo. Alikuwa mzee wa kanisa na msemaji wa ukoo, mtu wa koti la kijivu lisilovuliwa hata jua la saa nane linapochoma mpaka mchanga wa ufukweni haukanyagiki. Akikohoa, watu wazima walinyamaza. Nami nilinyamaza. Leo nikimkumbuka namcheka, tena kicheko kisicho na huruma, na sababu ninayo.

Sisi ni watu wa kutoka juu milimani, kwenye baridi na ukungu wa asubuhi. Tulishuka ziwani nikiwa bado nabebwa mgongoni, kwa ajili ya vurugu za wakati ule ambazo sina hamu ya kuzirudia hapa. Baba alipata kazi ya ualimu. Mama alifariki nikiwa na miaka minne, na kuanzia hapo aliyenilisha, aliyenivalisha na kunichapa nilipostahili ni dada yangu mkubwa, Yaya Naomi, maana kwetu dada mkubwa huitwa yaya. Alinizidi miaka tisa.

Nilipofika miaka kumi na mmoja, Yaya Naomi akachumbiwa. Mchumba aliitwa Simeoni, kijana wa familia iliyobaki kule juu, mrefu, mwenye sauti nzuri ya kuimba. Yaya alimpenda. Najua kwa sababu aliacha kuimba nyimbo za huzuni akiosha vyombo, na kwa sababu alianza kunivumilia hata nilipovunja sahani. Mahari ilikubaliwa, ng'ombe saba. Wakashushwa kwa miguu siku tatu, wakapita Fizi, wakafika kwetu jioni wamechoka, manyoya yao marefu ya baridi yamejaa vumbi. Watu wa mtaani walitoka kuwatazama. Nilijisikia mtoto wa tajiri.

Sasa sikilizeni mila yenyewe. Kwetu ilisemwa kwamba ng'ombe wa mahari akishapokelewa, mpaka siku bibi-arusi atakapoingia kwa mume wake, hatolewi kitu mwilini. Hakamuliwi, hakatwi nywele za mkia, hasuguliwi hata tope lililokaukia ubavuni. Baba Mkubwa alitukusanya jioni ileile akatutolea sheria huku amesimama, koti limefungwa vifungo vyote.

"Ngombe ya mahari haitolewe kintu," alisema. "Ukitoa kintu ku mwili yake, unatoa mutoto mu tumbo ya bibi-arusi. Munasikia?"

Tulisikia. Sijui kama ni mila ya watu wote wa milimani au ya ukoo wetu tu. Nimewauliza wazee wengine, na wapo walionicheka. Lakini huko juu, hata kama ilikuwepo, haikumgharimu mtu. Arusi ilifuata mahari baada ya juma moja, na kwenye ile baridi unaweza kumkagua ng'ombe kutoka pembe hadi kwato usione kupe hata mmoja. Hakuna cha kutoa, basi usitoe. Sheria ya namna hiyo hata mimi ningeitunga.

Huku chini kupe hawakuwa na habari na sheria zetu. Siku ya nne tu ng'ombe wetu walikuwa na kupe ndani ya masikio, wa rangi ya kahawia, wamepangana kama punje za maharagwe kwenye ganda. Wengine walijining'iniza shingoni na kwenye matiti, wamevimba damu. Ng'ombe walitikisa vichwa mchana kutwa. Ndege weupe wa malishoni wakaja, wakawapanda migongoni, wakaanza kudonoa. Na Baba Mkubwa akafanya nini? Akatuamuru watoto tuwafukuze kwa mawe. Ndege nao wanatoa kitu, alisema. Nilimwona kwa macho yangu, mzee wa kanisa mwenye wajukuu, akikimbia na fimbo nyuma ya ndege, koti linapepea. Wakati ule niliona ni ushujaa. Aa wapi!

Jirani yetu wa upande wa ziwani alikuwa Mama Wabiwa, mwenyeji wa pale tangu mababu zake. Mume wake alivua ndagala, dagaa wa ziwa letu, na yeye alilima mihogo na kufuga ng'ombe wawili wafupi wa pale pale, wenye mbavu za kuhesabika na afya ya chuma. Asubuhi moja aliniona nimesimama kando ya ndama jike aliyekuwa mdogo kuliko wote, mwenye rangi ya udongo mwekundu, tuliyemwita Gaju. Nilikuwa namtazama masikio.

"We mutoto," aliniita, "uko unaangalia tu? Bale bakupe bako banamumaliza ngombe yako."

"Baba Mkubwa anakataza."

"Anakataza nini? Kutoa kupe?" Alicheka mpaka akaweka ndoo chini. "Mamawe! Hii ya kwetu inazaliwa mu kupe, inakomala mu kupe. Ile yenu ya baridi haijue kupe hata kidogo. Itakufa, nakuambia. Kuja nikuonyeshe."

Akanionyesha. Unamshika kupe karibu kabisa na ngozi, kwa kucha, unavuta moja kwa moja bila kumzungusha, unamtumbukiza kwenye kopo la majivu na mafuta ya taa kidogo. Ukimpasua tumboni umefanya kazi ya bure, kichwa kinabaki. Mikono yake ilienda haraka kama ya mtu anayechambua mchele.

Kwa nini nilimtii yeye na si Baba Mkubwa? Si kwa akili. Nilikuwa mtoto mwenye kinyaa, na kupe wale walinitia kinyaa kuliko laana ilivyonitia hofu. Basi kila asubuhi kabla ya shule, wenzangu wakiwa bado wanatafuta viatu, nilimpeleka Gaju nyuma ya migomba nikamsafisha masikio, shingo, chini ya mkia. Wale sita wengine sikuwagusa. Msinisifu wala msiniulize kwa nini. Walikuwa wakubwa, wana mapembe marefu, na mimi nilikuwa mwoga. Gaju peke yake ndiye aliyesimama kimya.

Arusi ilikuwa ifuate baada ya juma moja, kama ilivyo desturi. Haikufuata. Baba Mkubwa alitaka kwaya ivae sare, tena si sare yoyote, bali vikwembe, yaani vitenge, vya bluu vyenye maua meupe alivyoviona kwenye arusi ya mtu mwingine huko Uvira, na vikwembe vile havikuwepo sokoni Baraka. Vikaagizwa. Ikasemwa vinakuja kwa mashua. Mashua ikaja na chumvi. Juma likawa mawili, mawili yakawa manne. Ng'ombe saba wa milimani wamefungwa kwenye joto la ziwa, wananyonywa usiku na mchana, hakuna ruhusa ya kuwagusa, kwa kuwa waimba kwaya hawajapata maua meupe. Nikilifikiria jambo hilo hadi leo natamani kutema mate.

Aliyeanza ni yule mkubwa, aliyewaongoza wenzake njiani. Asubuhi hakula. Chini ya sikio lake palikuwa pamevimba, donge kama parachichi. Kesho yake donge jingine likatoka mbele ya bega. Manyoya yakasimama, macho yakaanza kutoa machozi, kisha kikohozi, kisha povu jeupe puani, jingi, likimdondoka mpaka chini. Alikufa akiwa amelala ubavu, shingo ameinyoosha kama anayetafuta hewa mahali pengine. Kabla hatujamaliza kumzika, wawili wengine walikuwa na madonge.

Baba alijitutumua. Alikwenda mjini akarudi na daktari wa mifugo, kijana mwenye pikipiki na mkoba. Daktari alimpapasa ng'ombe mmoja chini ya sikio, akafunua ndani ya sikio, akageuka kumtazama Baba Mkubwa kama mtu aliyeona ukuta unaungua na wenye nyumba wamekaa wanakula.

"Muzee, hii haina mambo ya siri. Ni homa ya kupe. Muniruhusu nibapulizie dawa leo, kupe baanguke, na nibapige shindano ya dawa. Tatu ao ine zinaweza kupona. Nitatoa na damu kidogo ku sikio, nikapime."

"Hakuna kutoa damu," alisema Baba Mkubwa.

"Basi tuache damu. Dawa ya kupe tu."

"Na kupe bataanguka?"

"Bataanguka bote, muzee."

"Njo kutoa ile. Hapana." Kwake hata kupe kuanguka kulikuwa kutoa.

Kijana akamgeukia Baba. Jamani, baba yangu! Alikuwa mwalimu wa darasa la sita. Ukutani mwa darasa lake palikuwa na picha ya mbu, ameichora mwenyewe kwa makaa, na chini yake ameandika namna mbu anavyobeba malaria kutoka mtu hadi mtu. Jumatatu aliwachapa watoto wasiokumbuka somo la mbu. Alhamisi ya juma lilelile alisimama mbele ya kupe, akamtazama kaka yake, akasema, "Muzee ameshasema." Daktari alifunga mkoba wake, akawasha pikipiki, hakuaga mtu. Nampa haki yake.

Sita walikwisha ndani ya majuma mawili. Gaju alibaki anakula majani.

Sasa maneno yakaanza, maana watu hawawezi kuacha ng'ombe afe bila kumtafutia mwenye kosa, na kupe hafai kuwa mwenye kosa, hana sura. Kwanza walimjaribu Mama Wabiwa. Baba Mkubwa alisema kwenye maombi, bila kutaja jina, kwamba kuna macho yanayotazama mali ya wenzao kutoka upande wa ziwani. Maneno hayo yalivuka ua kabla ya amina. Mama Wabiwa alikuja kesho yake asubuhi, mikono kiunoni, mbele ya watu wote.

"Muzee Zakayo, sema jina yangu wazi, nisikie. Ngombe yangu inakula majani ile ile, inakunywa maji ile ile. Kama mi niko mulozi, mbona sikuanza na yako, weye, mu ile koti?"

Watu walicheka. Baba Mkubwa akakohoa, akasema hakuna mtu aliyetaja jina la mtu. Tangu siku ile hakumgusa tena, na mimi nilijifunza kitu ambacho wakati ule sikuwa na maneno yake: kumsingizia jirani mwenye mdomo kunaleta taabu, lakini kumsingizia binti wa nyumbani hakuna gharama yoyote.

Watu wa Simeoni walishuka kuja kuulizia ng'ombe wao. Walikuwa baba yake, wajomba wawili, na Simeoni mwenyewe. Walikaa sebuleni kwetu. Yaya Naomi alikaa kwenye mkeka karibu na mlango, kitambaa kichwani, macho chini, kama inavyotakiwa. Mimi nilikuwa na kazi ya kupitisha maji ya kunawa. Nilisikia kila neno.

Baba wa Simeoni aliuliza swali la haki kabisa. Tumewapa wanyama wazima, alisema, mmewatunza namna gani?

Hapo ndipo mtu angeona Zakayo ni mtu wa namna gani. Swali lilimlenga yeye. Yeye ndiye aliyekataza dawa, yeye aliyefukuza ndege, yeye aliyengoja vikwembe. Angeweza kusema, nimekosea. Hata nusu yake ingetosha. Badala yake alivuta pumzi, akashika kola ya koti, akatoa sauti ileile ya kusomea matangazo ya kanisa.

"Bapenzi bandugu, sisi hatutadanganya batu ya Mungu. Tulichunga ngombe vizuri. Hakuna mutu aligusa hata unyele. Lakini mama ya huyu binti alikufa mapema. Na sasa ngombe zake zinakufa mbele ya arusi. Kuna kintu juu yake. Mi ni baba yake mukubwa, inaniuma, lakini nasema kweli."

Yaya Naomi hakuinua kichwa. Niliona mkono wake ukishika ukingo wa mkeka. Baba alifungua mdomo, akaufunga. Mjomba mmoja wa Simeoni akauliza kuhusu yule aliyebaki, na wote wakawa na majibu, kila mtu na lake. Mmoja alisema Gaju alipona kwa sababu alitolewa na shangazi yake Simeoni ambaye ni mwombezi. Baba Mkubwa alisema amebaki ili awe shahidi. Shahidi wa nini, hakusema. Hakuna hata mmoja kati ya wanaume wale sita, wafugaji wana wa wafugaji, aliyeinuka akaenda nje kumtazama masikio.

Na Simeoni, mpenzi mwenye sauti nzuri? Aliangalia viatu vyake. Vilikuwa viatu vipya, vyeusi, alivyonunua kwa ajili ya arusi. Aliviangalia kuanzia mwanzo wa kikao mpaka mwisho, akaondoka navyo. Walimfungua Gaju wakapanda naye milimani, na ikawa uchumba umekwisha.

Nami nilikuwa nimesimama pale na beseni. Nitasema nilichofikiri, hata kama kinanitia aibu. Nilifikiri ni mimi. Nilikuwa nimevunja sheria, nimetoa kupe kwenye ng'ombe wa mahari asubuhi baada ya asubuhi, na onyo la Baba Mkubwa lilikuwa limetimia mbele ya macho yangu. Kwamba niliyemgusa ndiye aliyepona, na wasioguswa ndio waliokufa, hilo halikunifumbua macho. Nilijieleza kwamba laana ilimruka Gaju kwa sababu alisimama kimya, ikawaangukia wenzake. Ndivyo woga unavyofanya hesabu. Neno moja tu kutoka kwangu, mimi nilimtoa Gaju kupe, lingeweza kumwokoa Yaya au kuniangamiza mimi, sikujua lipi. Nikatoka nje nikamwaga maji.

Baada ya hapo walimwita dada yangu mkosi. Si mbele yake mwanzoni, baadaye hata mbele yake. Mama mmoja wa kwaya aliwahamisha vifaranga wake Yaya alipopita njiani. Vikwembe vya bluu vilifika, mtacheka, vilifika juma lililofuata, na kwaya ikavivaa kwenye arusi ya mtu mwingine. Hakuna mtu aliyekuja tena kumchumbia Yaya kutoka kwa watu wetu. Mwaka uliofuata alipakia mfuko mmoja kwenye mashua, akaenda Kazimia kufanya biashara ya ndagala, na mimi nikabaki kupika mwenyewe.

Nilikua. Nilisoma mambo ya mifugo, kidogo kidogo, shule ikifungwa na kufunguliwa kadiri hali ilivyoruhusu, na sasa nina duka dogo la dawa za mifugo Baraka. Nimejua sasa kinachojulikana. Ndani ya mate ya kupe yule wa kahawia kuna kidudu kisichoonekana kwa macho, na ugonjwa wake vitabu vinauita ndigana kali. Kupe hamwambukizi ng'ombe akishamng'ata tu. Anahitaji siku kadhaa amejishikiza. Ukimtoa kila asubuhi, hapati nafasi. Kule juu kwenye baridi kupe huyo hastawi, ndama wanakua bila kuonja ugonjwa, wanakuwa wazuri wa kutazama na hawana kinga hata ya siku moja. Huku ziwani kwenye joto ndama anaumwa angali ananyonya. Anayekufa anakufa, anayepona mwili wake unamjua adui maisha yote, kama wale wafupi wa Mama Wabiwa. Kwenye miteremko ya katikati kupe wanakuja na mvua na kupungua na kiangazi, kwa hiyo mwaka huu ndama wanazoea, mwaka ujao hawazoei, na huko ndiko watu wanakoshangaa zaidi. Hili linaelezeka kwa mtu yeyote kwa muda wa kunywa kikombe cha chai. Mama Wabiwa alinieleza akiwa na ndoo miguuni, naye hakumaliza hata shule ya msingi.

Baba Mkubwa Zakayo bado yuko hai. Mwaka huu aliingia dukani kwangu, mzee kabisa, anatembea na fimbo, amevaa koti jingine la rangi ileile. Alitaka dawa ya kuogesha ng'ombe. Palikuwa na wateja watatu. Nikawa napima dawa, nikamsikia akiwahutubia.

"Batu ya siku hizi habajue kuchunga. Mi nilisemaka tangu zamani, kupe njo mubaya. Ngombe ikishuka ku ziwa, toa kupe! Kila siku! Nilibaambiaka."

Wateja waliitikia kwa kichwa. Eh, muzee, ni kweli. Mimi nilisimama na chupa mkononi. Nilitaka kummwagia dawa ile kichwani, aoge yeye. Lakini alivyokuwa akisema uso wake ulikuwa mtulivu, na nikaona kwamba hadanganyi. Anaamini. Amejisahaulisha mpaka amekuwa mwenye haki. Nilimpa dawa yake, nikamwambia achanganye na maji kiasi gani, na jioni nikafunga duka mapema.

Siku ya pili nilipanda mashua kwenda Kazimia. Nilikuwa nimebeba maneno yangu kwa miaka mingi, na siku hiyo niliona siwezi kulala nayo tena. Yaya Naomi nilimkuta ufukweni anageuza ndagala juani. Aliolewa huko, akiwa mtu mzima, na mwenye mashua asiye na ng'ombe hata mmoja, mtu mcheshi mwenye meno machache. Wana watoto wanne. Wanne, kutoka kwenye tumbo lile. Yaya amenenepa, anacheka kwa sauti, na wauzaji wenzake wanamwogopa.

Nilimsimulia habari za Baba Mkubwa dukani. Alicheka mpaka akakaa chini. Kisha nikamwambia habari yangu, kwamba nilikuwa namtoa Gaju kupe kila asubuhi nyuma ya migomba, kwamba kwenye kikao nilijua kitu na sikusema.

"Nilikuonaka," alisema.

"Uliniona wapi?"

"Nyuma ya migomba. Asubui yote. Ulikuwa unatoa ulimi inje ukifanya kazi, kama wakati unaandika." Aliendelea kugeuza ndagala. "Siku ya kikao nilikuwa naomba Mungu usifungue kinywa."

Nilimuuliza kwa nini. Aliniangalia kama anaangalia mtoto wake anapouliza jambo la wazi.

"We, ungelisema, Baba Mukubwa angelipata mutu ya kuweka kosa. Angelisema ni wewe uliua ngombe. Baba angelimuamini. Mi nilikuwa na miaka makumi mbili, nilijua naweza kuondoka. We ulikuwa na miaka kumi na moja. Ungelienda wapi?"

Aliniambia nisogee, nilikuwa nimemzibia jua.

Nimewadharau watu wengi kwa ajili ya ng'ombe wale, na sitaki kudanganya kwamba nimewasamehe. Namdharau Zakayo hadi leo, na akifa nitaenda kwenye mazishi yake nikiwa bado namdharau. Namdharau Simeoni. Baba yangu namhurumia, ambayo ni dharau iliyovaa nguo safi. Lakini nilirudi kwenye mashua ile nikijua kwamba sebuleni siku ile palikuwa na mtu mmoja zaidi, mwenye beseni, aliyekubali dada yangu ahukumiwe ili yeye apone, na mtu huyo aliamini kwa moyo wake wote kwamba mwenye kosa ni yeye. Baba Mkubwa angalau hakuamini hivyo. Na Yaya, aliyeniona nyuma ya migomba, alikuwa anajua. Jioni ileile ya kikao, wageni walipokwisha kuondoka, alinichemshia maji ya kuoga, akanisugua mgongo, akaniuliza kama nimemaliza kazi za shule.